Mapazia Yasiyofika Chini

Haya yalimpata mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo. Siku yalipoanza hapakuwa na baya lolote. Tulikuwa kwenye duka la vitambaa, tunabishana kuhusu mapazia.

Mama mdogo ni muuguzi. Wakati huo alikuwa zamu za usiku, analala mchana, na chumba chake kina madirisha mawili madogo kabisa ambayo, kwa ukorofi tu, yalimmwagia jua lote la saa nne asubuhi usoni. Alitaka kitambaa kizito, cheusi ikiwezekana. Nilimwambia chumba kitakuwa stoo. Aliyetuamua alikuwa rafiki yake, fundi cherehani tuliyemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

"Dirisha dogo halivishwi nguo fupi," alisema Sindano, akilipapasa jora la kitambaa kama anapima homa. "Bomba la kutundikia lipande karibu na dari, lizidi fremu kila upande, pazia lishuke mpaka sakafuni. Mbele rangi ya maziwa, nyuma nitatia bitana nzito. Jua halipiti na chumba hakisinyai. Bitana ninayo nyumbani, msinunue."

Walikuwa marafiki miaka ishirini na miwili. Sindano alikuwa na ufunguo wetu wa akiba. Mama yake alikuwa hainuki kitandani, mwaka wa tatu sasa, na kila Jumapili mama mdogo alipita kumsafisha vidonda bila kuombwa wala kushukuriwa vizuri.

Sindano alipokuja kupima hakuja na futi. Alikuja na uzi mnene uliokwisha fungwa fundo kila ncha. Nikapanda kiti, nikashika fundo moja darini. La pili likaishia usawa wa kiti nilichosimamia.

"Halifiki, mama," nilimwambia Sindano.

"Linatosha."

Hakuniangalia. Huyu ndiye fundi aliyewahi kufumua gauni la harusi zima kwa pindo lililopotoka nusu kidole. Nilipaswa kushtuka palepale, lakini nilikuwa nimechoka kusimama kwenye kiti.

Mapazia yalitundikwa, na kusema kweli yalipendeza. Siku ya kwanza mama mdogo alilala mpaka jioni. Wiki ya pili akawa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Wiki ya tatu akawa anatembea kwa kushika kuta.

Alasiri moja aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, amenipa mgongo, amepandisha blauzi.

"Niangalie hapo chini ya kiuno. Niambie unaona nini."

Palikuwa na kidonda. Kimelika ndani, kingo zake nyeusi. Kingine kwenye kisigino cha kulia. Kingine cha kushoto.

"Hiki ni kidonda cha mtu aliyelala miezi," alisema kwa ile sauti yake ya kazini. "Mimi jana nimezunguka wodi usiku kucha."

Madaktari wenzake walimpima kila kitu wasipate kitu. Walimpa dawa ya kupaka na ruhusa ya kupumzika, naye akapumzika mule mule chumbani. Vidonda vikapanuka. Nilianza kuelewa kwamba nitamzika, na nilikuwa sijawa tayari kuwa yatima mara ya pili.

Akili yangu ilinituma kwamba tatizo ni usingizi. Mwanga ulikuwa unapenya pale chini mapazia yasipofika. Nikaenda kwa Sindano kumwomba ayaongeze.

Mlango wake ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Mama yake alikuwa kizingitini, anachagua vifungo kwenye bakuli. Amesimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nilitazama miguu yake. Visigino vilikuwa laini, havina hata kovu. Vya mtoto asiyejua kutembea. Aliniona ninavyotazama. Akaniinamia, akanong'ona:

"Mwambie mama yako mdogo asilalie mgongo. Naumia."

Nilirudi mbio. Mama mdogo alikuwa amelala. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Mapazia yalikuwa yanatuna. Yanatulia. Yanatuna tena. Nilidhani yanafuata pumzi zake. Nikasikiliza vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa anayafuata.

Nilichukua mkasi nikapasua pindo. Mle ndani ulikuwepo uzi ule wenye mafundo, umesokotwa na nywele nyeupe. Nikageuza bitana. Ilikuwa shuka. Ilikuwa na doa la kahawia katikati, mahali pa mgongo. Nikajipima nalo kama nilivyokuwa nimesimama mbele ya bibi yule. Pazia lilikuwa na kimo cha bibi yule, kutoka utosini mpaka kisiginoni.

Niliyashusha yote mawili. Mama mdogo akavuta pumzi moja ndefu, akafumbua macho. Nikamweleza yote niliyoyaona.

Haikupita saa, Sindano aliingia kwa ufunguo wetu. Alilitazama bomba tupu.

"Amekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Nimemkuta amekaa tu, na kifungo mkononi."

Mama mdogo alijiinua kwa viwiko. "Ulinipimia kimo cha mama yako."

"Ndiyo."

"Ungeniomba. Ni nini uliwahi kuniomba nikakunyima?"

Sindano alikaa sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. "Nilimshonea jirani kwanza. Hayakushika. Yanamshika anayekupenda kweli tu. Na mimi nilikuwa na wewe peke yako."

Siku zote za vidonda mama mdogo hakutoa chozi. Alilia wakati ule, uso ukutani, kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Sindano akaweka ufunguo mezani akatoka. Mimi nilimchukia, na mpaka leo namchukia, sitaki kuambiwa ana uchungu wake.

Mapazia tuliyachoma. Vidonda vilifunga. Mama mdogo alihamia chumbani kwangu, na chumba kile chenye madirisha madogo hakilaliwi na mtu.

Juzi mchana nilisikia sauti yake ikitoka humo. Nikachungulia. Alikuwa ameinama juu ya kitanda kitupu, mikono imeingia chini ya kitu nisichokiona.

"Pole, mama. Sasa tugeuke upande wa pili."

Godoro lilikuwa limebonyea upande wa ukuta. Likainuka taratibu. Likabonyea upande wa mlango.

"Unamhudumia bibi yule?" nilimuuliza. "Baada ya yote yale?"

"Yeye hakunifanyia kitu," alisema, akinyoosha shuka. "Aliyenifanyia alikuwa mzima."

Alipotoka nilibaki peke yangu, nikaweka mkono wangu kwenye lile bonde. Lilikuwa na joto.