Joho la Mfalme Lililoungua

Kila alasiri akitoka shule, Tarumbeta alipiga pasi nguo zilizoshonwa na baba yake, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa sababu akiita langoni, mpishi wa shule huitika kule jikoni. Kwa sauti hiyo, mwalimu wa Kiswahili alimchagua kuwa mfalme katika mchezo wa kuigiza wa darasa la sita, ingawa ni msichana.

Mwalimu aliandika sifa za wahusika ubaoni. Mfalme: shujaa, mkarimu, lakini hakubali kosa. Mshauri: mkweli na mvumilivu. Katika mchezo huo, mfalme anamfukuza mshauri kwa kosa alilolitenda yeye mwenyewe. Anapokuja kukiri, mji umeshateketea.

"Mfalme gani huyu!" Tarumbeta alisema. "Si angekiri tu mapema?"

"Angekiri mapema, na sisi tungerudi nyumbani mapema," alijibu Mfupi, rafiki yake aliyepewa nafasi ya mshauri. Darasa zima likaangua kicheko.

Jumatano Tarumbeta alikuwa kibandani akipiga pasi joho la mfalme, ambalo baba alilishona kwa mapazia ya zamani. Akaona ajaribu maneno yake kidogo. Akaiacha pasi juu ya joho, akainua mkono, akanguruma kifalme. Alipokuja kukumbuka, harufu ya kuungua ilikuwa imejaa kibandani, na mgongoni mwa joho mlikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja! Kwa hofu akalikunja joho, tundu likabaki ndani. Mfupi, aliyekaa jirani na shule, alipopita kulichukua kama mwalimu alivyomwagiza, Tarumbeta alimkabidhi bila kusema neno.

Kesho yake mwalimu alilikunjua mbele ya wote.

"Mfupi, joho limelala kwenu. Uliliweka karibu na jiko?"

"Hapana, Mwalimu. Sikulifungua hata kidogo."

"Kama huwezi kusema kweli, hufai kuwa mshauri. Nafasi yako ataichukua mwingine."

Mfupi aliinamisha kichwa. Alikuwa amekariri maneno yake wiki tatu, na bibi yake alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote. Tarumbeta aliyajua hayo, lakini alinyamaza.

Alasiri yakaanza mazoezi ya mwisho. Mfupi alikaa pembeni, akimfundisha kwa upole mwenzake aliyepewa nafasi yake. Tarumbeta alipofika kwenye maneno ya mfalme, "Kosa ni langu, si la mwingine," alimtazama Mfupi, akaishia katikati. Akajaribu tena. Badala ya maneno yakatoka machozi.

"Mwalimu," alisema, "kosa ni langu kweli. Si la Mfupi. Mimi ndiye niliyeliunguza kwa pasi."

Mwalimu alimwendea Mfupi, akampa mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu haraka kama yule mfalme. Rudi kwenye nafasi yako."

"Na mimi nisamehe," Tarumbeta alisema.

"Nimekusamehe," alijibu Mfupi, "ila kesho ukinifukuza jukwaani, usinisukume sana."

Jioni ile Tarumbeta alimweleza baba yake yote. Baba alimkemea, kisha akachukua kipande cha kitambaa cha manjano, akaliziba tundu kwa umbo la jua.

Ijumaa ukumbi ulijaa pomoni. Mfalme alipopiga magoti na kutamka, "Kosa ni langu, si la mwingine," sauti ilifika hadi jikoni, na mpishi akaja mbio na mwiko mkononi. Bibi yake Mfupi alilia waziwazi. Watu wakasimama, wakapiga makofi hadi viganja vikawawasha, na Tarumbeta na Mfupi wakainama mbele yao wameshikana mikono.

"Fundi, hilo jua mgongoni limependeza!" mwalimu alisema baada ya mchezo.

Baba alimtazama binti yake, akatabasamu.

"Joho lililoungua haliponi kwa kukunjwa, Mwalimu. Kwanza likunjuliwe, ndipo fundi aone pa kushona. Na kosa ni vivyo hivyo."