Boti ya Kiema Hailali Majini

Ilikuwa siku ya soko mjini Machakos. Barabara ilijaa mikokoteni, mbuzi na kelele, na katikati ya msongamano huo ikatokea boti nyeupe juu ya trela, ikivutwa na pikapu ya kijivu. Watu wakacheka. Mama mmoja muuza maembe akauliza kwa sauti kama mafuriko yametangazwa redioni.

Syokau hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la vipuri alikofanya kazi, mikono ya ovaroli yake ya kijani ameifunga kiunoni, hereni ndogo za shaba zikimeta masikioni. Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la kushoto la trela. Lilikuwa likitoa moshi mwembamba. Akakimbia na kuipiga pikapu kofi ubavuni.

"Simama! Wee, simama hapo hapo!"

Dereva akashuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe, kaptura ya buluu na viatu vya mpira vyenye matope makavu.

"Kuna nini, madam?"

"Weka mkono hapo katikati ya gurudumu."

Akaweka, akaruka. "Ngai!"

"Hiyo ni beringi inaungua. Ungeshuka nayo mlima, gurudumu lingekupita ukiwa kwa usukani."

Kijana akajipuliza vidole huku akimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na wewe ni nani, malaika wa magurudumu?"

"Mimi ni Syokau. Na wewe uko na bahati. Sasa sukuma hiyo meli yako kando, unafungia watu soko."

Jina lake lilikuwa Kiema. Alikuwa akiwatembeza wageni kwa boti kwenye bwawa la Masinga kila wikendi, na jioni ya Jumapili aliivuta boti hadi nyumbani Machakos. Syokau alilifungua gurudumu mwenyewe, akamwonyesha grisi iliyokuwa nyeupe kama maziwa.

"Unaishusha trela majini beringi ikiwa bado moto. Ikipoa ghafla inanyonya maji, na maji yanaosha grisi yote. Lazima uifungue mara kwa mara."

"Basi nitakuwa nikikuletea mara kwa mara."

"Lete beringi. Wewe mwenyewe sijakuita."

Lakini alitabasamu, na Kiema aliliona tabasamu hilo.

Ndani ya miezi mitatu simu zao hazikuhesabika. Kiema alimpigia akiwa majini, akimsikilizisha viboko wanavyokoroma. Syokau alimwita mwendwa, yaani mpenzi kwa Kikamba, kisha akamkaripia kwa kusogelea wanyama wenye meno kama hayo. Walikula nyama choma siku za mshahara, Syokau akiwa na gauni la manjano lililomfanya Kiema asahau alichotaka kusema.

Jambo moja tu liliwatia baridi. Kila Kiema alipoanza safari na boti nyuma yake, Syokau hakuweza kula hadi apate simu kwamba amefika. Miaka minne nyuma, kaka yake Mutunga alikuwa akivuta trela ya mawe kwenye mteremko, Syokau ameketi kando yake. Trela ilianza kuwasukuma. Mutunga alikanyaga breki mpaka akasimama juu yake, na trela ikawapindua. Syokau alitoka na kovu begani. Mutunga hakutoka.

"Iache boti gatini Masinga, mwendwa," alimsihi. "Kuna nafasi, kuna mlinzi. Wewe uende na kurudi na gari tupu."

"Boti haiwezi kulala majini, Syokau."

"Kwani za wengine zinalala wapi?"

"Za wengine ni za wengine."

Hakueleza zaidi. Akakunja uso, na Syokau akaogopa kuuliza. Lakini wiki iliyofuata, baada ya Syokau kulia usiku mzima, Kiema alikubali. Jumapili akapiga simu.

"Nimeiacha gatini. Sasa kula, tafadhali."

"Kweli?"

"Kweli, mwendwa wangu."

Wiki nne Syokau alilala vizuri. Jumapili ya tano alikuwa Katangi kwenye sherehe ya mahari ya binamu yake, amesimama kando ya barabara na sahani ya pilau mkononi, alipoiona pikapu ya kijivu ikipita. Nyuma yake, imefungwa kwa kamba, ilikuwa boti nyeupe. Sahani ikamponyoka. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko njiani nakuja, mwendwa."

"Na boti?"

"Iko gatini."

"Kiema, nimesimama Katangi. Naiangalia kwa macho yangu."

"Syokau, ngoja nikueleze..."

"Uliniona nikimlilia kaka yangu, ukaona heri unidanganye nilale kama mtoto!"

Akakata simu, kisha akaifunga namba ya Kiema. Kwa siku kumi na tatu Kiema alikuja dukani kila asipokuwa bwawani, na kila mara Syokau aliingia stoo hadi aondoke. Alichohofia sasa kilikuwa zaidi ya barabara. Mtu aliyeweza kusema "kweli" kwa sauti ile tamu, angemwamini vipi tena?

Asubuhi ya Jumamosi akaingia dukani mzee mwenye kofia ya sufu, akitafuta mnyororo. Alijitambulisha kuwa Wesley, mlinzi wa gati kule Masinga.

"Wewe ndiye Syokau? Kijana wangu Kiema amekonda kwa sababu yako."

"Alinidanganya, mzee."

"Alikudanganya, ndiyo. Alikuambia baba yake alikufaje?"

Syokau akatikisa kichwa.

"Hata wao walikuwa wakiacha boti gatini, yeye na baba yake. Wiki moja ya mvua, ile pampu ya kutoa maji ikazima, na maji yakajikusanya chini ya sakafu, hakuna aliyeyaona. Asubuhi baba yake akaingia peke yake, akafika katikati, akakata kona. Maji yote yakahamia upande mmoja. Boti ikapinduka. Kiema alikuwa ukingoni na chai ya baba yake mkononi." Wesley akashusha sauti. "Mimi ndiye nilikuwa mlinzi. Hata mimi sikuyaona."

Syokau aliketi juu ya kreti. Kisha wazo lingine likamjia, nalo lilimgandisha zaidi: ile beringi. Tangu siku ile Kiema aliposema ameiacha boti gatini, hakuna aliyeifungua. Akaifungua namba na kupiga.

"Syokau?" Sauti ya Kiema ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa.

"Uko wapi?"

"Naanza kushuka mlima, barabara ya Masii. Niko na boti. Sitakudanganya tena."

"Grisi uliweka lini?"

"Sijaweka. Wewe ndiye ulikuwa ukiweka."

"Simama! Kiema, simama sasa hivi, usishuke..."

Alisikia chuma kikikwaruza lami. Alisikia Kiema akisema "Ngai" polepole, kama mtu anayesali. Kisha mshindo. Kisha hakusikia kitu.

Syokau hakumbuki alivyopanda pikipiki. Anakumbuka tu kwamba alikuwa akihesabu nguzo za umeme ili asiwaze, na kwamba mwenye pikipiki alimwomba amlegezee shingo. Mlimani umati ulikuwa umesimama kimya, na ukimya ule ndio uliomtisha. Gurudumu lilikuwa shambani kati ya mahindi. Trela ilikuwa imechomoka na kulala mtaroni, boti imekaa kiubavu. Pikapu ilisimama mwanzo wa mteremko, nzima.

Kiema alikuwa ameketi juu ya jiwe, shati limechanika.

"Nilikanyaga breki uliposema simama," alisema. "Ningengoja kidogo tu..."

Syokau alimpiga kifuani mara mbili, kisha akamkumbatia mpaka akashindwa kupumua.

"Wesley ameniambia. Mbona hukuniambia wewe?"

"Niliogopa. Kama ningeisimulia asubuhi ile, ningerudi ndani yake."

"Na mimi nikaogopa barabara. Tungekufa wote wawili tukifichana."

Walikaa pale hadi boti ikanyanyuliwa. Suala la boti kulala wapi walilimaliza wakingoja: Wesley alikuwa na kipande cha ardhi hatua mia kutoka majini. Wakajenga kibanda cha mabati. Boti ingevutwa nje kila jioni, ilale pakavu, na isiguse lami tena.

Jioni ya kwanza Kiema aliivuta polepole juu ya mchanga, Syokau akitembea kando na mawe mawili mikononi. Alipoyakaza chini ya magurudumu, alipiga magoti kuhakikisha. Kiema akapiga magoti upande wa pili. Walitazamana juu ya tairi lenye maji.

"Syokau, nikija kwenu na wazee wangu, mtanifungulia mlango?"

Kwa mbali kiboko alikoroma, na Syokau akalikaza tena jiwe lililokuwa limekazwa tayari.

"Unaogopa?" Kiema aliuliza.

"Sana. Wewe?"

"Kuliko wewe."

"Basi ni ndiyo," alisema Syokau. "Nipe simu nimwambie mama kabla woga haujanirudia."