Kiganja Ukutani

Jumamosi katika Mtaa wa Laini hakuna anayelala mpaka jua limchome. Chai haijachemka bado, utasikia mafagio yakikwaruza baraza, kisha ndoo zikigongana bombani, kisha sauti ya Mama Yuditha, mwenyekiti wa kikundi cha wakazi, akipita mlango kwa mlango. Mama huyo hajawahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake.

"Msaragambo huo, jamani, kazi ya wote. Mwenye jembe na jembe lake, mwenye mikono mitupu aje nayo hiyo hiyo."

Yasinta alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, mrefu kuliko wenzake, mwepesi wa miguu na mwepesi vilevile wa kuchoka na kazi ya kukaa chini. Alimkuta bibi yake, Bibi Grasiana, akikoroga uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Magunia yako ya nyuzi yako tayari? Mzee Isaka ameshayaulizia."

"Yako tayari, bibi," Yasinta alijibu, akainamia kikombe chake haraka ili asitazamwe usoni.

Mtaa wa Laini ni mmoja wa mitaa ya zamani mjini Korogwe. Nyumba zake ndefu, zenye vyumba vilivyofuatana kama mabehewa ya treni, zilijengwa kwa ajili ya manamba, yaani wale wafanyakazi waliotoka Kigoma, Songea na kwingineko kuja kukata mkonge. Mashamba ya mkonge yalipodorora, wengi walihama. Waliobaki waligeukia kilimo na biashara ndogondogo, wakazaa, wakajukuu. Mitaro ikaziba, mabati yakatoboka, na watu wa mitaa mingine wakaanza kuuita mtaa huo gofu.

Lakini gofu la mwenzio usilicheke mpaka umjue mwenyewe. Watu wa Laini hawakumngoja mfadhili wala mgeni wa kuja na gari jeupe. Walikaa kikao, Waislamu na Wakristo, wenye maduka na wenye matenga ya nyanya, wakasema nyumba hizi zilijengwa na babu zetu na hatuzitupi. Wakazibua mitaro kwa mikono yao. Wakapanda miarobaini kando ya njia. Wakaziba mabati, nyumba za wajane zikitangulia. Ukipita pale leo utavua kofia bila kuambiwa. Sasa walikuwa wamefika kwenye Klabu.

Klabu ni ukumbi wa kale katikati ya mtaa, mahali ambapo manamba walikuwa wakicheza ngoma zao siku ya mapumziko. Walipoujenga, kila mmoja alikandamiza kiganja chake kwenye lipu ya ukuta wa mbele ikiwa bado mbichi. Viganja hivyo viko mpaka leo, vikubwa, vya watu wa kazi. Kimoja kina kidole cha mwisho kilichopinda. Hicho ni cha Ernesti, baba yake Bibi Grasiana, aliyevunjika kidole hicho shambani. Tangu akiwa mdogo, Yasinta alipenda kuweka mkono wake ndani ya kiganja hicho. Zamani ulipotea humo. Siku hizi vidole vyake vilikuwa vinakaribia kufika.

Tatizo ni kwamba nusu ya lipu ya ukuta huo ilikuwa imebanduka. Wengine walitaka ubomolewe ujengwe wa matofali ya saruji. Mzee Isaka, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani akiwa kijana na kuwa fundi hapo hapo Laini, aliomba watumie mchanganyiko wa zamani: udongo, chokaa na nyuzi za mkonge. Baada ya mabishano marefu wakakubaliana. Pembe moja ya ukuta ingepigwa lipu ya mzee kwanza. Ikishika, ukuta mzima utaponywa. Ikidondoka, ukuta utabomolewa, na viganja vyote vitakwenda na kifusi.

Kazi ya nyuzi walipewa watoto, na Yasinta akachaguliwa kuwa kiongozi wao. Majani ya mkonge yaliletwa kwa guta la magurudumu matatu kutoka Makuyuni. Ilibidi kuyaparua mpaka nyama yake ya kijani itoke, kusuuza nyuzi mpaka maji yawe meupe, kuzianika mpaka zikauke kabisa, halafu kuzikata vipande vifupi.

"Msiharakishe kusuuza," Mzee Isaka aliwaambia. "Uzi ukibaki na utomvu wake, utaozea ndani ya ukuta na lipu haitashika. Ukiugusa mkononi ukakuwasha, jueni bado."

Walianza vizuri. Ila Ijumaa kulikuwa na mechi ya netiboli, na Yasinta ndiye mfungaji wa timu. Saa ya mechi ilipokaribia, fungu kubwa la nyuzi lilikuwa bado la kijani. Yasinta alilishindilia ndani ya magunia, kisha akalifunika juu kwa nyuzi nyeupe zilizokauka.

"Hizi bado zinateleza," alisema rafiki yake, Fausta.

"Zitakaukia ukutani. Twende, wee, tutachelewa."

Fausta alimtazama, kisha akamfuata. Kiongozi ni kiongozi.

Basi Jumamosi hiyo magunia yakamiminwa. Watu walikuwa wengi na soga nyingi, kina mama wakikanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba, na hakuna aliyechungulia. Macho ya Mzee Isaka yalikuwa na ukungu wa uzee, hivyo alijipimia chokaa kwa mkono na kuwaamini watoto kwa nyuzi. Fundi Lukasi, kijana hodari wa mwiko, alipiga lipu pembe yote. Kila baada ya muda alisimama akajikuna.

"Leo huu udongo umenichukia, sijui nimeukosea nini," alisema, na watu wakacheka.

Yasinta hakucheka. Alitaka kusema neno. Lakini Mama Yuditha akamshika bega na kumsogeza mbele ya watu.

"Hawa watoto wamefanya kazi ya watu wazima. Kiongozi wao aweke kiganja, kama babu zake."

Walimpigia makofi. Yasinta aliukandamiza mkono wake kwenye lipu mbichi. Ilikuwa baridi, na mkono ulipotoka ulikuwa unawasha. Alijipangusa kwenye kanga na kutabasamu, ingawa moyoni hakuwa na raha hata kidogo.

Haikupita muda pembe ile ikaanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Kisha ikanuka. Kisha ikavimba na kupasuka. Mvua ya kwanza ilipopiga, lipu yote ikashuka chini. Yasinta alikwenda kutazama kabla ya shule, akakuta kiganja chake kimelala matopeni, vidole huku na kitanga kule.

Kikao kiliitishwa pale pale mbele ya Klabu. Fundi Lukasi ndiye aliyeanza, naye alisema kwa adabu.

"Mzee Isaka, wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Lakini tusifichane, mchanganyiko umekataa. Tulikubaliana tangu mwanzo. Mimi naona tubomoe."

Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Mzee Isaka alivua kofia yake, akaigeuza geuza mikononi.

"Sijui niseme nini, wanangu," alisema taratibu. "Nilikuwa na hakika nao. Pengine nimesahau kipimo. Uzee huu nao. Nisameheni kwa kuwachosha."

Maneno hayo yalimchoma Yasinta. Alimtazama bibi yake, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta. Bibi Grasiana aliinua mkono wake akauweka ndani ya kiganja cha baba yake, akauacha hapo, kama anavyoshikwa mkono mtu anayesafiri.

Aibu ni kitu kizito, hasa mbele ya watu waliokupigia makofi. Yasinta aliogopa. Akinyamaza, hakuna atakayejua, maana Fausta hangemsema. Lakini mzee wa watu ataondoka pale akiamini akili yake imechakaa, na ukuta utabomolewa kwa sababu ya mechi ya netiboli. Aliinua mkono.

"Mzee Isaka hajasahau kitu," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akarudia. "Hajasahau. Kosa ni langu."

Kikao kizima kiligeuka. Mama Yuditha akasema, "Sogea hapa, mwanangu. Sema tukusikie wote."

Yasinta alisema yote: mechi, fungu la kijani, nyuzi nyeupe alizotandaza juu. Kisha akaenda kwenye kifusi, akaokota bonge la lipu na kulivunja mbele yao. Ndani yake mlining'inia nyuzi ndefu, zenye ute, zinazonuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini alilishika bonge lile juu mpaka kila mtu akaona.

Fundi Lukasi aliziangalia nyuzi, akaiangalia mikono yake.

"Kumbe. Na mimi nimejipaka dawa ya upele siku zote hizi."

Mtu mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na wengine wakafuata, hata Mama Yuditha. Kicheko kilipotulia alikunja uso tena.

"Yasinta, umetuponza, na hilo sitalipamba. Umemfanya mzee wetu aombe radhi kwa kosa lisilo lake. Mwombe radhi wewe."

Yasinta alipiga magoti. "Nisamehe, babu."

Mzee Isaka alivaa kofia yake upya, akaiweka sawa. "Nimekusamehe. Umenirudishia akili zangu, mjukuu wangu. Nilikuwa nimeanza kuziaga."

"Kwa hiyo," Mama Yuditha akaendelea, "tulikubaliana kujaribu lipu ya mzee. Hii haikuwa yake. Maana yake hatujajaribu bado. Au nasema uongo, Fundi Lukasi?"

"Husemi uongo, mama. Leteni majani mengine, mwiko wangu upo."

Ndivyo walivyo watu wa Laini. Hawakumfukuza mtoto kwenye kazi, na hawakumfanyia kazi yake. Kila alipotoka shule, Yasinta aliketi kwenye ubao wa kuparulia. Mikono ilimwasha, bibi akampaka mafuta ya nazi, kesho yake akarudi. Fausta naye alikuja akaketi kando yake bila kuitwa.

"Ilifaa nikuseme siku ile," Fausta alisema.

"Ungenisema, ningekununia. Lakini ingekuwa afadhali."

Walisuuza nyuzi mpaka maji ya mwisho yakawa meupe kama yalivyotoka bombani. Zilipokauka, Yasinta alizisugua shavuni mwake, fungu moja baada ya jingine. Lililowasha alilirudisha kwenye maji, hata kama wenzake waliguna.

Pembe ikapigwa lipu upya. Fundi Lukasi alimaliza bila kujikuna hata mara moja, na akahakikisha kila mtu ameliona hilo. Kisha Mama Yuditha akamwita Yasinta aweke kiganja. Yasinta aliuficha mkono nyuma.

"Bado, mama. Ngoja mvua zipite. Ikisimama ndipo nitaweka."

Bibi Grasiana alicheka kidogo. Alimsogelea, akamtoa mkono ule nyuma.

"Ikikauka haitapokea mkono, mjukuu wangu. Unafikiri baba yangu alijua ukuta huu utasimama? Hakujua. Aliweka kiganja lipu ikiwa mbichi, ili ukianguka, watu wajue wa kumwuliza. Ile mara ya kwanza uliweka mkono ili upigiwe makofi. Siku uliyosimama kikaoni ndipo ulipoweka kiganja chenyewe. Kazi ya mtu ni ahadi. Ifanye sawasawa hata panapofunikwa, na ukikosea, uitike unapoulizwa. Weka."

Yasinta aliweka. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Walisimama tu, wakamwangalia akikandamiza kidole kimoja kimoja.

Masika yalikuja kwa nguvu mwaka ule. Maji yaliteremka kwenye mitaro waliyoizibua, yakapita zake. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, Yasinta alikimbia hadi Klabu bila viatu, akamkuta Mzee Isaka ametangulia. Mzee alikuwa akiipapasa ile pembe kwa mikono yote miwili, taratibu, kutoka chini hadi juu. Alikinusa kiganja cha Yasinta ukutani. Kisha akaligusisha shavu lake hapo na kungoja kidogo.

"Haiwashi," alisema.

Akageuka, akamkuta Mama Yuditha na Bibi Grasiana nao wamefika, kanga zimelowa.

"Leteni ngazi," Mzee Isaka akawaambia. "Tuanze upande wa pili. Na nyuzi asimamie huyu huyu."