Alasiri ya Mudi

Kilichomshtua Lantana kwanza ni saa.

Kompyuta namba moja ilikuwa imemaliza kuwekewa mfumo, ikajizima, ikawaka tena, na kwenye pembe ya skrini ikaandika saa kumi na dakika kumi na saba alasiri. Simu yake ilisema saa nane na dakika arobaini.

Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Lakini Lantana alikuwa fundi, na alijua kwamba saa ya kompyuta haikai kwenye diski. Inakaa kwenye ubao wa ndani, ikilishwa na betri ndogo kama kifungo cha koti. Futa diski yote, iwekee mfumo mwingine, saa haina habari. Akairekebisha. Aliinama kuchukua waya kwenye begi, na alipoinuka skrini ilikuwa imerudi kwenye kumi na kumi na saba.

"Betri tu hiyo," alijiambia, akahamia namba mbili.

Kituo kile cha mitihani, nyuma ya kiwanda cha zamani cha ngozi mjini Kano, kilikuwa mali ya Alhaji Garzali. Kompyuta sitini kwa safu sita, madirisha ya nondo, mlango mmoja wa chuma. Wakaguzi walikuwa wanakuja keshokutwa, na kirusi kilikuwa kimezivuruga mashine zote. Kuziandaa upya moja moja, na programu zake zote za mtihani, ingekuwa kazi ya wiki tatu. Lakini Mudi, fundi aliyekuwepo kabla ya Lantana, aliacha diski. Humo alikuwa amehifadhi nakala ya mashine moja iliyokamilika, kila kitu mahali pake. Kazi ilikuwa kuunganisha diski ile, kufuta sehemu iliyoharibika, na kuirudisha nakala kama ilivyokuwa saa ile ilipochukuliwa. Saa moja na nusu kwa kila mashine, na diski ilikuwa moja tu.

"Fanya utakazoweza," Alhaji alimwambia mlangoni, akitabasamu kwa namna ambayo Lantana hakuielewa. "Mudi alikuwa na mkono mwepesi. Labda na wewe unao."

Mudi alikufa Novemba, humo humo chumbani, kwenye kiti. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Walisema ni moyo.

Lantana alikuwa amemwacha mtoto wake Gambo, wa miezi mitano, nyumbani kwa mama yake, na alitaka awe amefika kumnyonyesha saa kumi na moja. Kwa hiyo msikiti wa jirani ulipokimu swala ya alasiri, alisema amalizie namba mbili, aswali, aende zake. Dirishani alimwona Baba Barau, mlinzi, aliyechelewa kama kawaida yake, ameinama na birika akiosha mguu wa kushoto. Imamu akainua takbira kwenye kipaza sauti.

"Allahu..."

Namba mbili ikawaka. Saa kumi na dakika kumi na saba.

Neno la pili la takbira halikuja.

Lantana alisubiri. Akadhani umeme wa msikitini umekatika. Akatazama simu: kumi na kumi na saba. Akahesabu kimoyomoyo mpaka mia, akatazama tena: kumi na kumi na saba. Mstari wa jua uliopita kwenye nondo ulikuwa umelala juu ya kiti cha namba ishirini na mbili, na vumbi ndani yake lilikuwa limesimama. Akaenda dirishani. Baba Barau alikuwa bado ameinama. Maji yalikuwa yametoka kwenye mdomo wa birika na hayajafika mguuni.

"Baba Barau!"

Mzee hakugeuka. Akakimbilia mlangoni; kitasa kilishuka, kikapanda, mlango haukusogea. Simu haikuita kokote. Ndipo ikamjia harufu, ya dawa ya kuchua kifua, ile inayochoma macho, pamoja na kokwa ya kola iliyotafunwa. Kwenye safu ya nyuma mtu akakohoa, mara mbili, kikohozi kikavu.

"Malama," sauti ikamwita kwa heshima, ya upole, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Usiumize mkono. Hautafunguka."

"Nani huyo?" Lantana alinong'ona.

"Zimebaki hamsini na nane."

"Nifungulie. Nina mtoto mchanga."

"Mtoto hajalia bado. Huko nje hakuna kilichopita. Una muda, malama. Muda ndio kitu pekee kilichomo humu."

Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, ulimi ukimng'ang'ania mdomoni. Sauti ikaungana naye, herufi kwa herufi, tena kwa matamshi mazuri kuliko yake, ikamtangulia kumaliza.

"Hata mimi ni Mwislamu," ikasema. "Nangoja takbira iishe niswali. Maliza kazi, iishe."

Akamaliza namba tatu, akamaliza namba nne, kwa sababu hakuona jambo jingine la kufanya, na kati ya mashine na mashine alikwenda dirishani kutazama maji ya birika yasiyoanguka, akarudi, akaunganisha diski, akafuta, akarudisha, na kila iliyowaka iliandika saa ile ile na kuongeza kikohozi kimoja nyuma yake, hata ilipofika namba ishirini vilikuwa vikohozi vingi vikipokezana safu hadi safu kama wagonjwa kwenye baraza la zahanati. Alipoona kiu alikunywa maji ya mifuko ya plastiki yaliyowekwa kwa ajili ya watahiniwa, alipoona njaa alikula biskuti zao, na katoni haikupungua. Alilala juu ya mkeka wa kuswalia, akaamka, jua likiwa juu ya kiti kile kile. Chumba hakikuwa na muda, ila kifua chake kilikuwa nao. Maziwa yalimjaa yakamlowesha mpaka kiunoni, akayakamua kwenye kikombe huku akilia, yakajaa tena, yakageuka mawe, homa ikampanda, akaendelea kubadilisha waya, akalala mara ya tatu, mara ya tano, mara ya nane, na siku moja, kama ile ilikuwa siku, akajigusa akakuta kifua kimelegea na kikavu, akajua kwamba mwili wake umemhesabu Gambo kuwa ni mtoto aliyekufa.

Namba sitini ikawaka.

"...akbar," imamu akasema.

Nje, maji yakamwagika mguuni kwa Baba Barau. Mlango ukafunguka kwa kidole.

Alhaji Garzali alikuwa anateremka kwenye gari. Akachungulia chumbani, akaona skrini sitini zinang'aa, akapiga makofi. "Alasiri moja! Mashine sitini! Nilisema mimi, huyu mwanamke ana mkono wa Mudi!"

"Alhaji," Lantana akasema, ameshika ukuta. "Ulijua?"

Alhaji akaifuta miwani yake kwa ukosi wa kanzu, akaifuta tena. "Kule Zariya nafungua kituo kingine. Mashine mia mbili. Nenda kapumzike, tutazungumza."

Nyumbani Gambo alikuwa analia. Lantana akamweka kifuani, mtoto akavuta, akavuta, akaachia, akamtazama mama yake kwa hasira. Inna Delu, mama wa Lantana, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe! Umekula nini huko? Mchana umetoka hapa na mashavu yako."

"Inna, maziwa yamekauka."

"Maziwa hayakauki kwa nusu siku." Kisha akauona uso wa binti yake vizuri, akaziona kucha ndefu zilizovunjikavunjika, na mwiko ukamtoka mkononi. Alikwenda kumchemshia mtoto uji mwepesi.

Kama yangeishia hapo, Lantana angeacha kazi na kunyamaza. Lakini siku ya pili yake, akiwa uani kwao, Inna akitwanga mtama na Gambo akilia mgongoni, mchi ulipanda juu na haukushuka. Kilio cha mtoto kikakatika katikati, mdomo ukabaki wazi. Nyuma ya pazia la chumba watu wakakohoa, mmoja, kisha mwingine, kisha wote. Lantana aliketi chini akiwa na mtoto aliyekuwa mzito kama tofali, akasubiri. Alilala mara mbili kabla mchi haujashuka kwenye kinu.

Akaenda moja kwa moja kwa Baba Barau.

Mzee alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama lango, "Mudi nilimwosha mimi. Kijana yule nilimjua, tulikula naye bajia za kosai kila asubuhi. Nilichokiosha mimi, binti yangu, ni mwili wa mzee wa miaka themanini. Hana jino hata moja. Alhaji akaniambia nikae kimya, ni ugonjwa."

"Nitafanyaje, Baba?"

"Nina mpwa wangu, Tanimu. Anasoma vizuri."

Malam Tanimu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, ndevu nyeusi zilizochongwa kwa unadhifu, mcheshi, na Ijumaa ile ilikuwa harusi yake. Alikuja Jumatano, Alhaji akiwa amekwenda Zariya. Mashavu yake bado yalinukia udi wa mashemeji.

"Wajomba wengine humwita mtu wamtolee mahari," alimwambia Barau. "Wewe unaniitia majini."

"Acha mzaha, Tanimu. Fungua msahafu."

Alisoma akiwa kizingitini, mlango wazi, Lantana nyuma yake. Aya baada ya aya, mpaka skrini sitini zikawaka zenyewe na harufu ya dawa ikatoka mlangoni kama moshi.

"Wewe ni nani?" Tanimu akauliza.

"Mudi aliniomba muda," sauti ikajibu. "Nikampa alasiri moja, kwa wema tu. Akaipenda. Nilipotaka kwenda zangu alikuwa ameshaihifadhi kwenye diski, nami nimo ndani. Kila anayeirudisha ananirudisha. Nilikuwa peke yangu, Malam. Sasa tuko sitini."

"Ondokeni basi, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Tunataka. Kuna mlango?" Vikohozi vikapita safu zote. "Tusomee. Khitma sitini, msahafu wote mara sitini, kwa kila mmoja wetu. Msomaji mmoja, aketi nasi humu, asitoke mpaka amalize. Tukipata hiyo tutakwenda, hatutamgusa mtu, wala mwanamke huyu hatutamfuata tena."

Tanimu alizitazama safu sita za skrini. Alikuwa mtu wa kuhesabu haraka, na Lantana aliiona hesabu ikimpita usoni.

"Usiingie," Lantana akamwambia. "Tutazivunja zote kwa nyundo. Tutachoma jengo."

"Ukizichoma watakwenda wapi? Watakufuata wewe, na mtoto wako."

"Malam, una harusi Ijumaa."

"Si umesema nje hakuna kinachopita? Basi sitachelewa." Alijaribu kucheka. Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akamkumbatia mjomba wake, akaushika msahafu kwa mikono miwili. "Mjomba, usinisubiri umesimama. Keti."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na saba. Akaingia, akaufunga mlango.

Lantana alivuta pumzi. Hakuwahi kuitoa. Mlango ukafunguka.

Aliyetoka alikuwa na ndevu nyeupe zilizofika kifuani. Kanzu ilikuwa ile ile, imetoboka magotini. Msahafu ulikuwa umeachana na jalada lake, ameufunga kwa uzi alioufumua kutoka kwenye pindo la kanzu. Nyuma yake skrini zote sitini zilikuwa nyeusi, na chumba kilinukia vumbi tu.

"Wamekwenda," alisema. Sauti ilikuwa imechakaa, ilitoka kama hewa. "Nilipofika ya elfu mbili hesabu ilinipotea. Nikaanza upya."

Barau alikuwa amepiga magoti. "Tanimu?"

Mzee yule akamtazama kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa huku na huku kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mjomba," akasema hatimaye. "Bado u hai. Nilikwisha kukuombea dua ya marehemu, miaka na miaka."

Wakamshika, mmoja huku, mmoja kule, wakamtoa kwenye jua. Akalifumbia macho. Msikitini walikuwa wanatoa salamu. Walipofika langoni akasimama, akamtuma Barau akamletee maji, na Barau alipokwenda akamgeukia Lantana na kunong'ona, kwa haya.

"Malama, nisaidie jambo moja kabla hatujafika nyumbani. Yule binti wa Ijumaa. Anaitwa nani?"

Lantana alikuwa amesikia habari za bibi harusi kutoka kwa Barau. "Sa'adatu," akajibu.

"Sa'adatu." Akalirudia, mara ya pili, mara ya tatu, midomo ikijifunza. "Ana umri gani sasa?"

"Ishirini na moja, Malam. Ni ule ule. Ana ishirini na moja."

Malam Tanimu akazishika ndevu zake kwa mikono yote miwili, akaketi chini pale pale langoni, na Barau aliporudi na maji hakuyapokea.