Aliyekubali Dawa

Midomo ya mama haikutikisika. Muuguzi aliliona hilo waziwazi, na laiti angelisema palepale, leo tusingekuwa na la kusimulia.

Alikuwa muuguzi wa wodi ya majaribio ya dawa, na mgonjwa aliyemwinamia alikuwa mama yake mzazi. Ini lilikuwa limechakaa, fahamu zimempotea, na dawa mpya ambayo huenda ingemwokoa ilikuwa kabatini palepale wodini. Lakini utaratibu wa wodi ulikuwa mmoja: hapewi mtu dawa ya majaribio mpaka akubali kwa kinywa chake. Daktari mkuu, ambaye wauguzi walimbandika jina la Bwana Takwimu kwa kuwa hata salamu alizipigia hesabu, alikuwa anafunga uandikishaji wa washiriki mchana ule. Basi binti akapiga moyo konde, akamsomea mama maelezo yote sikioni, kisha akauliza, "Unakubali?"

"Nakubali," ikajibu sauti nzito kutoka kwenye kinywa kilichofumbwa.

Harufu ya majivu yaliyolowa ikapanda kutoka kwenye shuka. Bwana Takwimu, aliyekuwa amewapa mgongo, alisikia neno akaridhika. Binti mwili ulimsisimka, lakini alimtaka mama yake kuliko alivyoogopa, akamchoma dawa mshipani.

Mama akaamka. Akala, akasimama, rangi ikamrudia, na Bwana Takwimu akawa anapita wodini meno yote nje. Binti peke yake ndiye aliyeona kwamba mama hapepesi macho, kwamba wagonjwa wa vitanda vya jirani wanaomba kuhamishwa mmoja baada ya mwingine na hakuna anayetaka kusema kwa nini, na kwamba kila anapomtembeza mchana kweupe, wameshikana mikono, ukutani kinapita kivuli kimoja tu, nacho ni chake yeye binti.

Akamwendea mjomba wake, aliyekuwa na kisomo cha kutoa majini. Mjomba alikuja saa ya kutazama wagonjwa, akavuta pazia, akasoma kwa sauti ya chini huku jasho likimtiririka. Yule kitandani alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Sikuvunja mlango, mzee," akasema. "Niliulizwa kwa adabu, nikakubali."

"Basi mama yangu anajitoa," binti akanong'ona. "Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote. Ndivyo nilivyokusomea."

"Kweli kabisa. Ila anayejitoa ni yule aliyekubali. Nami dawa imenikaa vizuri, nijitoe ya nini?"

Mjomba akafunga kitabu. Koridoni alimwambia mpwa wake kwamba jini aliyevamia hutolewa, lakini huyu aliyeombwa ruhusa akaitoa mwenyewe, hajui pa kumshikia. Akaegemea ukuta akalia, maana alikuwa amemzika dada yake huku anamwona.

Mama akaruhusiwa kurudi nyumbani. Alasiri moja alipojilaza, binti alilaza sikio kifuani pake, na chini ya mapigo ya moyo, mbali sana, akaisikia sauti iliyomlea tangu utotoni.

"Mwanangu, mbona giza? Mbona umeniacha humu?"

Binti akaanza kulia. Mkono baridi ukaja kichwani pake, ukamsuka nywele taratibu.

"Mwache aseme," ikanena ile sauti nzito. "Siku hizi anachoka upesi."