Swali la Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa msusi. Vidole vyake vilijaa mafuta ya nywele kutwa nzima, hivyo kila simu aliipokea kwa spika. "Saluni yangu haina siri," alizoea kusema. "Mwenye siri akasuke kwake!"

Siku hiyo alikuwa akimsuka jirani yake, askari wa kike aliyekuwa likizo. Mtaa mzima ulimwita Afande. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umekwisha kusukwa, na wa pili ulisimama kama ufagio. Afande alikuwa akisinzia.

Simu ikalia. Namba ilikuwa ngeni.

"Wewe ni mke wa dereva wa lori?" sauti nzito iliuliza.

"Ndiye mimi."

"Hapa ni polisi. Mumeo amegonga mtu. Zima spika, ingia ndani uwe peke yako. Ukikata simu au ukimwambia mtu yeyote, mumeo hutamwona tena."

Kitana kilimdondoka. Mama Pacha alifuta mafuta kwenye gauni lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Naomba nisikie sauti yake," alisema.

Mwanamume akalia kwenye simu: "Mke wangu, nisaidie! Tuma pesa, mke wangu!"

"Tuma sasa hivi," ile sauti nzito ilirudi. "Namba nimekutumia."

Pesa iliyokuwamo kwenye simu ilikuwa karo ya pacha. Lakini karo ni nini, ikiwa baba yao yuko mashakani? Mama Pacha alianza kuibonyeza namba ya siri, vidole vikiteleza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Afande, nywele zake zimesukwa nusu; sauti ya spika ilikuwa imemwamsha.

"Kata simu," alinong'ona.

"Siwezi! Watamfunga baba watoto!"

Afande aliichukua simu taratibu. "Habari za kazi? Mimi pia ni askari. Uko kituo gani, ndugu yangu, nije sasa hivi?"

Papo hapo simu ikakatwa.

"Amekata?" Mama Pacha aliduwaa.

"Angekuwa askari wa kweli, angetaja kituo. Sasa mpigie mumeo kwa namba yake uliyoizoea."

Simu iliita mara mbili tu.

"Mama Pacha, vipi? Tunapakia saruji, nina vumbi hadi kwenye kope."

Mama Pacha alikaa sakafuni kama gunia. Akacheka, akalia, akacheka tena.

"Yule mwizi aliniita 'mke wangu'! Tangu nijifungue pacha, mume wangu hajaniita hivyo hata siku moja. Masikio yangu yalikuwa wapi?"

"Hofu huziba masikio," Afande alisema. "Ndiyo mtego wao. Wanakutisha, wanakuharakisha, wanakutenga na watu. Shoga yangu, polisi hawaombi pesa kwa simu. Hawakukatazi kuzungumza na ndugu zako. Mambo ya dhamana huulizwa kituoni, ana kwa ana. Na namba yako ya siri usimpe mtu, hata akijiita mkuu wa polisi."

"Lakini walijuaje kwamba mume wangu ni dereva?"

"Hukumwambia mtu?"

Mama Pacha alifikiri. Ghafla akaziba mdomo kwa mkono. "Jana mtu alipiga kuuliza bei ya kusuka. Tukapiga soga. Nikamwambia mzee yuko safarini na lori. Nimewapa kamba ya kunifungia mimi mwenyewe!"

Walimaliza kusuka, kisha wakaenda kituoni kuripoti ile namba. Mume aliporudi, alisikiliza habari yote mdomo wazi. Usiku huohuo wakachagua swali moja, ambalo jibu lake mtaani walilijua wao wawili tu.

Mwezi uliofuata, namba ngeni ilipiga saluni ikiwa imejaa. Spika ilikuwa wazi.

"Mama Pacha, simu yangu imeharibika, naazima ya mwenzangu. Nitumie pesa ya gurudumu."

"Jibu swali kwanza. Pacha walipozaliwa, ulifanya nini?"

"Jamani! Hata sauti yangu huijui?"

"Sauti huigizwa. Jibu."

Mpigaji akakohoa, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nilizimia mlangoni mwa wodi."

Saluni nzima ililipuka kwa kicheko.

"Ndiye yeye," alisema Mama Pacha, akifuta mikono vizuri kwa taulo. "Nakutumia sasa hivi, baba watoto. Ila tutafute swali jingine. Hili sasa linajulikana mtaa mzima."