Mechi ya Alfajiri

Walikutana Kariakoo, kwenye foleni ya sabuni. Zamda alikuwa kajifunga khanga ya urujuani iliyomkaa sawasawa, na Nassibu, kijana mrefu wa Lindi, alikuwa akipita na sinia la karanga.

"Nifungie kwa ukurasa wa mpira," Zamda akamwambia. "Wa gazeti la Kiingereza."

"Kumbe bibie unasoma Kiingereza?"

"Nakitafuta. Habari za mpira nyepesi. Ukishajua nani kafungwa, maneno yanajieleza yenyewe."

Tangu hapo Nassibu akawa anamwekea kurasa hizo, na Jumapili wakazisoma pamoja barazani kwa kina Zamda, Ilala. "Kick-off" ni mpira kuanza. "Substitute" ni mchezaji wa akiba.

"Na offside," Nassibu alimnong'oneza siku moja akimsogelea, "ni mtu kama mimi. Nimefika kabla sijakaribishwa."

Kiingereza hicho kikampatia Zamda kazi ya kuunganisha simu katika idara moja mjini. Akala kiapo: anayoyasikia kwenye waya hayatoki nje. Nassibu hakuwa na kitambulisho cha kazi, na mji ulikuwa umeanza kunong'ona kwamba wasio na kazi wanasombwa kwa malori, wanapelekwa mashamba ya mbali.

"Tafuta kazi ya kuandikwa, Nassibu. Naogopa."

"Unaogopa au unaona haya? Umepata kiti cha kuzunguka, sasa muuza karanga anakunukia vumbi."

Zamda akanyanyuka, akaenda zake. Mwezi ukapita, hakuna aliyemtafuta mwenziwe.

Ijumaa moja alimuunganishia simu mkuu wake, Bwana Severine. Kabla hajaweka chini mkono wa simu, akamsikia akisema, "Kick-off tomorrow at six in the morning. Mchikichini first."

Wa upande wa pili akacheka. "No substitutes."

Zamda akauweka chini mkono wa simu polepole. Hakuna timu inayoanza mpira saa kumi na mbili asubuhi. Na Mchikichini ndiko Nassibu alikopanga chumba.

Jioni ile alimkuta uani, akikaanga karanga.

"Kesho alfajiri wanakuja na malori."

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia kwenye simu. Usiniulize zaidi."

"Wakijua ni wewe?"

"Ondoka kwanza. Nenda kwa mjomba wako Kibaha. Na wenzako uwaambie."

Nassibu aliipua kikaango, asijue pa kukiweka. "Nilikutamkia maneno mabaya, Zamda."

"Ulinitamkia. Ondoka."

Malori yalipofika, vyumba vingi vilikuwa vitupu. Jumatatu Severine hakufoka. Alivuta kiti, akaketi nyuma ya Zamda.

"Kiingereza ulijifunzia wapi, binti?"

"Magazetini, mzee. Habari za mpira."

Severine akasogeza kiti karibu zaidi. "Kumbe unapenda mpira."

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Nassibu, ikikwaruza kwa umbali. "Mjomba yuko tayari kuja kwenu kuposa. Nipe neno moja tu, mpenzi. Unanikubali?"

Zamda alihisi pumzi ya Severine shingoni. "Ndiyo," akasema kwa sauti ya kazini. "Nimekubali."

"Nani huyo?"

"Mchumba wangu, mzee."

"Hongera. Anapiga kutoka wapi?" Severine aliuliza kwa upole, na mkono wake ukapita begani kwa Zamda, ukauchukua mkono wa simu.

Kabla haujafika sikioni, Zamda akachomoa waya.